Hodi ya Tatu

Nianze na viatu. Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vyekundu, vya ngozi, nilivyovinunua sokoni Matrah kwa mbwembwe zote, na kila nikipiga hatua vinalia kwi, kwi, kwi. Ukumbi mzima wa wacheza sataranji ukanyanyua vichwa. Maalim Khalfan, mwamuzi mkuu wa wakati ule, alinijia taratibu, akaniashiria nimfuate nje, akaniuliza, "Bi Zuwena, umekuja kuamua au umekuja kuolewa?" Nikavivua. Siku ile nilifanya kazi na soksi mpaka magharibi. Basi nyinyi mnaovicheka viatu vyangu vya mpira, sasa mmejua vimetoka wapi.

Vyeo na mishahara sivigusi. Waliopandishwa wanajijua, na waliosahauliwa wanajijua zaidi. Nnawaandikia nyinyi waamuzi mliobaki, khasa wale wawili mlioniuliza siku ya kuagana nilipostaafu, "Bibi, ile khabari ya hodi ni kweli au imetiwa chumvi?" Ni kweli. Chumvi nitatia kidogo tu, kwa ladha.

Mungu kaniumba msemaji. Mama yangu akipenda kusema kuwa nilitoka Unguja mdomo wazi na nikashuka Maskati mdomo wazi, na njiani haukufungwa. Na kazi niliyoipata ni kazi ya kunyamaza! Mwamuzi wa sataranji anatembea baina ya meza, anatazama, anarudi. Nikimnong'oneza Maalim neno ananiambia, "Ukumbi huu una saa tele zinazosema. Wewe huhitajiki." Wakati ule saa za mezani zilikuwa za kutia ufunguo, za kubonyeza kwa kidole, na zote kwa pamoja zilikuwa zikipiga kelele kama mvua ya vuli juu ya bati. Siku hizi ni za umeme, hazisemi kitu, na wachezaji wanalalamika kiyoyozi kinanguruma. Binadamu lazima alalamike.

Vitu vya kuchukua mkobani nshawaambia na narudia tena: kalamu tatu, maana mbili zitaazimwa na hazirudi; betri za saa; tembe za kichwa, zenu wenyewe, si za wachezaji; na pini. Pini ndiyo siri ya Maskati. Wasichana wetu wanacheza wamevaa abaya, mikono ya abaya ni mipana, na siku moja mbele ya macho yangu mkono wa abaya ulizoa kete nne ubaoni, askari watatu na tembo mmoja, kwa mkupuo mmoja, mchezo ukawa hautambulikani tena. Tangu siku hiyo kabla ya mchezo nnapita meza kwa meza nikigawa pini. Wageni walikuwa wakidhani ni zawadi, wanaweka mfukoni wanasema asante.

Maalim Khalfan alinifunza mambo mawili, na yote mawili yamenilisha maisha yangu yote. La kwanza: "Kwenye sheria soma maneno madogo, Zuwena. Makubwa kila mtu anayaona." La pili: "Ukimhoji mchezaji usimuulize alidhani nini. Muulize aliona nini." Alikuwa mtu mkavu, hacheki, ila akikupenda anakuonea. Mie alinionea sana, Mungu amrehemu.

Yeye ndiye aliyelileta neno lenyewe. Sheria yetu kubwa mnaijua: ukigusa, umecheza. Ukiigusa kete yako, basi hiyo hiyo lazima uende nayo, hata kama inakupeleka kaburini. Lakini kete ikikaa upande na wewe unataka kuiweka katikati tu, huna nia ya kuicheza, basi useme kwanza kabla ya kugusa. Duniani wanatumia neno la Kifaransa, wanasema "jaduub," yaani nnapanga tu. Darasa letu la watoto pale Ghubra, karibu wote wa nyumba za Kiswahili, neno lile liliwashinda. Mmoja akisema "jadobi," wa pili "dobi," mpaka Ijumaa nzima darasa ni dobi, dobi, dobi. Maalim akapandwa na mori. "Nguo zenu ziko wapi? Hapa kwa dobi hapa?" Watoto hoi kwa kicheko. Akafikiri kidogo, akasema, "Haya. Kete ina nyumba yake. Nyumba ya mtu haiingiwi vivi hivi. Semeni hodi."

Ikawa ndiyo ada yetu. Mtoto anataka kumweka sawa farasi wake, anasema "hodi" kwa sauti ya chini. Mwenziwe upande wa pili anamjibu "karibu". Anaweka sawa, wanaendelea. Wale wadogo wakaongeza yao. Mnajua kwetu hodi ni tatu, ya tatu usipojibiwa unageuza unakwenda zako, ndiyo adabu. Basi wakawa wanasema eti mchezo mmoja hodi ni tatu tu. Hilo halikuwemo katika sheria yoyote, lakini Maalim aliliacha, maana lilipunguza kuchokonoa kete.

Katika darasa lile alikuwamo Thuraya. Alikuja na bibi yake, Bi Asha, kikongwe wa Azaiba mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyekuwa anakaa kwenye kiti mlangoni na tasbihi yake na kumtazama mjukuu kama anatazama mpira. Thuraya alikuwa mtoto wa haya nyingi. Mchana mzima alikuwa hasemi ila "hodi" na "karibu". Lakini akicheza, loo! Mkono wake mdogo ulikuwa hautetemeki.

Miaka ikapita. Nikapelekwa Marekani kwenda kuamua katika mashindano yao, nami nikaenda na makoti mawili na pini zangu. Huko nilistaajabu. Kwetu ubao na saa anaandaa mwenye mashindano. Kwao mchezaji anakuja navyo mwenyewe, kavitia kwenye begi la kuning'inia begani kama fundi anakwenda kuziba bomba. Ukumbi wa hoteli mkubwa mpaka huoni mwisho, wazee wa miaka themanini wanacheza na watoto wa miaka minane, na mtoto anamfunga mzee kisha anamwamkia vizuri. Ratiba ikibandikwa ukutani ni msukumano mtupu. Wazazi wanazuiwa nje kwa utepe, na mama mmoja alikuwa anapiga magoti achungulie chini ya mlango aone viatu vya mwanawe. Nikamhurumia, nikamwambia, "Yupo. Miguu haijatikisika." Akanishika mkono akalia. Kuhusu kuweka kete sawa, kule wanasema "ajasti" na yamekwisha. Nikarudi nyumbani nikijiona nnawajua Wamarekani. Kumbe nlijua mkoa mmoja tu wa baridi.

Sasa nifike penyewe. Mashindano ya timu za wanawake yakaja kwetu Maskati, hoteli moja ya Azaiba, na droo ikatupa timu ya taifa ya Marekani. Mtu mmoja ofisini akasema, "Basi na tuwaandalie halwa tu." Nikamkata jicho. Meza ya mwisho upande wetu alikaa Thuraya, sasa msichana wa kumi na nane, haya zake zile zile. Upande wao alikaa binti kutoka Texas, nywele kasuka mikia miwili, madoa puani, mcheshi, jina lake Mabel. Watu wa mapokezi walikuwa wameshamwambia kuwa hapa kuna mji wake, Mabela, akataka kupelekwa apige picha na kibao cha njia. Kampendeza kila mtu. Mwamuzi mkuu alikuwa Bwana Ramon, Mfilipino mpole aliyeletwa makhsusi, na meza zile zilikuwa zangu mie.

Nikagawa pini. Thuraya akafunga mkono wa kulia akasahau wa kushoto. Niliona. Nikasema nitampa baadaye, kisha nikaitwa meza nyengine.

Mapema mchezoni, zamu yake Thuraya, askari wake kakaa upande. Nikamsikia kwa mbali, "hodi." Na yule Mabel, bila kunyanyua kichwa, akajibu kitu. Nikadhani nimesikia vibaya. Baadaye kidogo tena, "hodi," na tena Mabel kajibu, safari hii na tabasamu. Nikajiambia, Alhamdulillah, Wamarekani nao washajua adabu.

Jioni ikaingia. Meza tatu zikaisha: moja yetu, moja yao, moja sare. Ikabaki ile ya Thuraya peke yake, na kila mtu akajua kuwa atakayeshinda hapo ndiye timu yake imeshinda. Watu wakakusanyika nyuma ya kamba. Bi Asha yupo mbele kabisa, tasbihi inakwenda mbio. Mabel alikuwa kamzonga mfalme wa Thuraya, na aliyesimama baina ya mfalme yule na mauti alikuwa farasi mmoja. Farasi akiondoka pale, mfalme amekwisha. Akibaki, Thuraya ana askari wake upande wa pili anayekimbia afike mwisho wa ubao ageuke waziri.

Zamu ya Thuraya. Akajongea mbele afikiri, na ule mkono wa kushoto wa abaya, usiokuwa na pini, ukamsukuma farasi mpaka ukingoni mwa nyumba yake. Akarudi nyuma, akasema "hodi," akamshika farasi kwa vidole viwili akamweka katikati.

Mabel hakujibu. Alikuwa anamtazama yule farasi. Akasimamisha saa akanyanyua mkono.

Nilifika pale nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Amemgusa farasi. Lazima amcheze."

Thuraya akanigeukia, uso umempauka. "Bi Zuwena, nimepiga hodi! Wallahi nimepiga hodi!"

"Hajasema kuwa anapanga," akasema Mabel, wala si kwa ubaya. "Amenisalimia tu. Amesema haudi."

Jamani! Kumbe kwao Texas watu wanaamkiana "haudi"! Ndiyo yao ya khabari gani na hujambo. Mtoto wa watu kakaa pale mchana kutwa anadhani anaamkiwa, na kwa heshima zake anaitika, "haudi." Na wetu akisikia "haudi" anadhani mwenziwe kaitika kwa Kiswahili kibovu, anamshukuru moyoni. Wamekaa wanaelewana bila ya kuelewana.

Ningecheka, lakini kicheko kilinikauka. Mie ni Mmaskati. Mtoto yule nimemlea kwenye darasa. Nikisema "hodi maana yake ni kuomba ruhusa ya kugusa," nani ataniamini? Watasema bibi kamtetea wake, na watakuwa na haki ya kusema. Na nisiposema, mtoto atanyongwa kwa neno la kwao, ndani ya mji wao. Nikamwita Bwana Ramon.

Ramon akasikiliza pande zote, akanivuta pembeni. "Zuwena," akaninong'oneza, "nnakuamini. Lakini siwezi kuhukumu kwa ushahidi wa mwenyeji. Neno hili hapa hakuna anayelijua ila nyinyi."

Nikamwambia, "Basi usinisikilize mie. Fungua sheria." Akafungua. Nikaweka kidole kwenye maneno madogo. Sheria inasema mchezaji aonyeshe nia yake kwanza, *kwa mfano* kwa kusema lile neno la Kifaransa au "nnapanga". Kwa mfano! Haikusema lazima neno hilo. Imesema mwenzio ajue unataka kufanya nini. Ramon akaitikia kwa kichwa. "Vyema. Lakini huyu alijua? Yeye anasema alidhani ni salamu."

Hapo nikamsikia Maalim Khalfan, kama yuko mgongoni pangu na kofia yake. Usimuulize alidhani nini.

Nikarudi mezani, nikainama. "Mabel, nna suala moja tu. Leo amekwambia neno hili mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Zile mara mbili za mwanzo, baada ya kusema, uliona anafanya nini?"

Kapteni wao, bwana mrefu mwenye chupa ya kahawa, akaita kutoka nyuma ya kamba, "Mabel, huna haja ya kujibu!" Nikamgeukia. Kapteni kwenye mchezo ni kama jirani kwenye ugomvi wa mke na mume: anasikia, hasemi. Nikamwambia hivyo hivyo kwa Kiingereza changu, na sijui kilifika vipi, lakini alinyamaza.

Mabel alikuwa anautazama ubao. Nikaona masikio yanamwiva. Angeweza kusema hakumbuki, na nani angemlazimisha? Timu yake yote ilikuwa imesimama pale inamngoja, na ushindi upo mkononi mwake.

"Aligusa kete," akasema. "Mara ya kwanza askari. Mara ya pili ngome. Akaiweka katikati." Kisha akafunika uso kwa mikono miwili. "Ooh. Siyo salamu. Kila mara alikuwa ananambia." Akamnyanyulia Ramon macho. "Nnafuta dai langu. Aendelee."

Ramon hakungoja. Akatamka hukumu mbele ya wote: nia ilionyeshwa, farasi yuko huru, saa iendelee. Nikaibonyeza saa kwa mkono wangu. Kisha nikachukua pini nikaufunga ule mkono wa kushoto wa abaya mwenyewe.

Thuraya alivuta pumzi moja ndefu, akamwacha farasi alipo. Wala hakumgusa tena mpaka mwisho. Akamsukuma yule askari wake mmoja, hatua, hatua, na Mabel akapigana, wallahi alipigana, kila mlango alibisha. Farasi hakutoka. Askari akafika, akawa waziri, na Mabel akautazama ubao kitambo, akatabasamu, akanyoosha mkono. Tumewashinda Marekani!

Meza za nchi nyengine zilikuwa bado zinacheza, kimya kimetanda, ndipo Bi Asha alipoachia vigelegele. Si kimoja! Ukumbi mzima uliruka. Mchezaji mmoja wa mbali akaangusha kalamu. Ikabidi niende, ndiyo kazi, nikamwambia, "Shii, Bi Asha, wengine wanacheza."

"Na wacheze! Nani kawakataza?" Akavuta pumzi akaanza tena.

Nikamtoa nje taratibu nikiwa nimekaza uso. Nikamkabidhi kwa wanawe. Halafu nikaenda mpaka kwenye gari yangu, nikafunga milango, nikapandisha vioo, nikapiga vigelegele peke yangu mpaka koo likaniuma. Mlinzi wa maegesho akagonga kioo akauliza kama nnaumwa. Nikamwambia, "Siumwi, mwanangu. Nimeshinda." Mwamuzi hashindi, nnajua. Siku ile nilishinda.

Baadaye nikawakuta wawili wale kwenye meza ya halwa. Thuraya, yule asiyesema, anasema tu! Anamfunza mwenziwe: wewe hodi, mie karibu. Bi Asha kakaa baina yao anamgombeza mjukuu. "Hodi ya tatu hukujibiwa. Umeingiaje nyumba ya watu?" Thuraya akamfasiria. Mabel akacheka mpaka halwa ikampalia, akasema, "Mwambie bibi, samahani. Nilikuwemo ndani, nilichelewa kufungua."

Bi Asha akamtazama, akampiga kofi dogo la shavuni, la mapenzi. "Huyu," akasema, "kalelewa akaleleka."

Nikaamua mashindano mengine mengi baada ya hayo, na mengi nimeyasahau. Mwaka huu nimekabidhi ufunguo wa stoo na boksi la betri. Nipo nyumbani Mabela, nnasema nipendavyo, na wanangu wameanza kutafuta sababu za kutokuja. Alasiri moja Thuraya akaniletea video kwenye simu. Hakuandika kitu, video tu. Ni mashindano ya huko Marekani, ya kuchagua timu yao ya taifa, na siku hizi mezani wanaweka vipaza sauti. Nikavaa miwani. Mwanamke mwenye madoa puani, mikia ya nywele hana tena, lakini ni yeye. Tembo wake kakaa upande. Akanyoosha kidole, hakugusa, akasema kwa sauti ya chini, "Hodi."

Hapana aliyemjibu. Mwenziwe Mmarekani kanyamaza, mwamuzi anapita tu. Akaweka sawa. Video ikakatwa ikaunganishwa mbele, mchezo umekolea, ngome imepinda. "Hodi." Kimya. Nikajikuta nimesimama katikati ya sebule na simu mkononi, nnataka kumtikisa yule wa upande wa pili. Mjibu basi! Mtoto kabisha mara mbili!

Ikakatwa tena. Farasi. Uso wa Mabel karibu kabisa, kachoka, macho mekundu, na kidole juu ya farasi. Na kimya kile nnakijua, kimya changu cha miaka yote ile, nilichokuwa nikikilinda kwa viatu vya mpira.

"Hodi," akasema mara ya tatu.

"Karibu, mwanangu!" nikaiambia simu, kwa sauti yangu yote. "Karibu ndani!"